Furaha Sijaona

Mume wangu anaitwa Sijaona. Nalitanguliza hilo kwa sababu mengine yote yamezaliwa hapo.

Tulipooana mwaka 2009 sikulifikiria jina hilo hata siku moja. Huku Kusini, kuanzia Lindi mjini mpaka Newala, majina ya namna hiyo yamejaa: Sikujua, Sikudhani, Sijali, Mashaka, Shida, Tabu, Siwema. Mzazi alikuwa na neno moyoni na hana pa kulisemea, basi akampa mtoto alibebe. Jirani aliyekusudiwa akilisikia linaitwa uani asubuhi na jioni, salamu zimemfika. Mimi nimezaliwa Mingoyo, nimesoma darasa moja na akina Sikujua wawili, na hakuna aliyewacheka. Jina la hivyo likikaa peke yake limetulia. Matata huanza likiwekewa jingine mbele.

Mwaka 2011 tukapata mtoto wa kike. Nilikuwa nimeharibikiwa na mimba moja kabla yake, kwa hiyo huyu alipolia nilisema mwenyewe, palepale kitandani, huyu ni Furaha. Hakuna aliyepinga. Siku ya saba akanyolewa nywele, tukachinja mbuzi mmoja, maana wa kike ni mmoja na wa kiume wawili, tukala pilau, watu wakatawanyika. Kliniki nesi akauliza jina la mtoto, nikamjibu. Akauliza la baba. Akaandika, akasita kidogo, akanitazama, kisha akaendelea na mambo ya uzito na chanjo. Nilidhani amechoka.

Miaka minane ilipita sijaona alichokiona yule nesi. Na mimi ni mwalimu wa Kiswahili! Nashinda ubaoni nikiwaonyesha watoto wa watu kiima kinaishia wapi na kiarifu kinaanzia wapi, kumbe kwenye kadi ya mwanangu mwenyewe nimeandikisha sentensi nzima, imekamilika, haidai hata nukta.

Aliyeisoma kwa sauti alikuwa mtoto mwenzake. Furaha yuko darasa la pili, mwaka 2019, wamepata mwalimu mpya anayeita mahudhurio kwa majina mawili mawili. "Furaha Sijaona!" Mwanangu akaitika. Kabla mwalimu hajashuka kwenye jina linalofuata, kijana mmoja wa dawati la nyuma akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa rambirambi: "Pole, utaiona." Darasa zima chini. Mwalimu naye, Mungu amsamehe, akacheka.

Alirudi nyumbani hapa Mikindani na viatu mkononi, hakutaka kula. Usiku ndipo aliponiuliza, "Mama, kwani mlipokuwa mnaniandikisha hamkulisikia?" Sikuwa na jibu. Baba yake alijaribu: "Waambie baba ndiye hajaona, wewe umeona." Hilo halikusaidia kitu, na kesho yake kwenye madaftari yote nilikuta ameandika *Furaha S. Bakari*. Nukta ile baada ya S ameikandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi sita.

Mwenzangu mmoja shuleni ana dada aliyeolewa Uingereza. Aliwahi kunisimulia jinsi dada huyo na mumewe walivyokaa jioni nyingi wakitafuta jina la kati la binti yao, wakiyaonja majina mdomoni, hili fupi mno, lile linagongana na la ukoo, hili linaishia sauti ileile. Nilimsikiliza kama ninasikiliza habari za watu wanaochagua rangi ya mvua. Jina la kati kule ni mali ya mtoto, mzazi anajichagulia. Hata malkia wao aliyefariki mwaka 2022 aliitwa Elizabeth Alexandra Mary: la kwanza la mama yake, la pili la mama wa babu yake, la tatu la bibi yake. Wanawake watatu ndani ya mtoto mmoja, na baba hayumo.

Sisi jina la kati limeshakaa kitini kabla mimba haijatungwa. Samia Suluhu Hassan: Samia ni yeye, Suluhu ni baba, Hassan ni babu. Benjamin William Mkapa, mtoto wa Lupaso hapo Masasi, William ni baba yake. Warusi nao wanakaribiana na sisi. Valentina Vladimirovna Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu mwaka 1963, hilo la kati linasema tu kwamba baba yake ni Vladimir. Katika wakubwa wetu aliyeponyoka ni Mwalimu Nyerere. Kambarage lilikuwa jina lake mwenyewe la utotoni. Julius lilikuja na ubatizo mwaka 1943 likakaa mbele, na Kambarage likasogea katikati. Lakini ndugu zetu wa Masasi na Ndanda waliobatizwa na wamisheni wanaijua njia hiyo, sisi wa Mikindani haituhusu.

Kwa hiyo lile swali la jina gani la kati litampendeza binti, kwetu limesimama kwa kichwa. Linakuwa: binti huyu aitwe nani ili apatane na baba yake?

Safari hii nilitafuta kwa kalamu. Nilichukua daftari la maandalio ya masomo, nikaandika Sijaona mara ishirini upande wa kulia, kisha nikaanza kujaza kushoto. Neema Sijaona. Amani Sijaona. Heri Sijaona. Upendo Sijaona. Faraja Sijaona. Rehema Sijaona. Ukurasa ulipojaa ulikuwa kama barua ya mtu anayejiandaa kujitupa baharini. Kila jema nililoliweka, baba yao analifuta.

Nikagundua kitu ambacho kingenifaa mwaka 2011. Kiswahili kikimtaja mtu, kinadai kiambishi chake ndani ya kitenzi: Zainabu *sijamwona*. Ukisema Zainabu sijaona, sikio linangoja, sentensi haijatua, basi jina linabaki kuwa jina. Lakini vitu na hali havidai kwa ukali huo. Mtu anasema chai sijanywa, habari sijasikia, furaha sijaona, na hakuna anayeinua nyusi. Maana yake ni kwamba mtoto wa Sijaona akiitwa jina la mtu tu, Zainabu, Halima, Mwanahawa, yuko salama. Akiitwa neno lenye maana ya kila siku, ameingia kwenye sarufi.

Nilifurahi na ugunduzi wangu kwa siku mbili. Halafu nikaanza kuyatamka. Asha Sijaona: jaribu kuliita mara tatu kutoka jikoni mtoto akiwa barabarani, ulimi unateleza katikati. Zainabu Sijaona lilikuwa zuri, linapanda na kushuka vizuri, ila ukoo wetu una Zainabu wanne na mmoja hatusalimiani. Mwajuma lingetegemea Ijumaa. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ana maoni kuhusu kila kitu hadi chumvi ya mchuzi, akapendekeza Chausiku. "Chausiku Sijaona," akasema, "linanoga." Nikamwambia linamfanana mtu aliyepotea njia gizani. Tukacheka, tukaliacha.

Mjomba wangu akaja kutoka Mingoyo na lake. Huku Kusini, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, ukoo wa asili hufuata upande wa mama, na mjomba akikaa kwenye mkeka ana kauli. Akasema, "Mpwa wangu, kwani lazima Sijaona? Andika jina la baba yako. Neema Abdallah. Kuna ubaya gani?" Ubaya upo na yeye anaujua. Mtoto akiandikwa jina la babu mzaa mama, watu wanaelewa kwamba baba hakujitokeza. Mume wangu alikuwa chumbani anasikia. Hakutoka kuja kusalimia mpaka mjomba alipoaga.

Nikaenda kwa mwalimu wa madrasa anayewafundisha watoto wa mtaa wetu, mzee mwenye subira. Nilimweleza nikitegemea aniruhusu. Alinisomea Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, waiteni kwa majina ya baba zao, na mlango wa kumwondoa baba ukafungwa hapo. Lakini akaniongezea mambo mawili ambayo nimeyabeba mpaka leo. La kwanza, Mtume alikuwa akibadilisha majina yenye maana mbaya: alikuwepo binti aliyeitwa kwa neno la Kiarabu lenye maana ya muasi, akamwita Jamila. (Nilishtuka kwa sababu linasikika kama Asia, na nina mdogo wangu Asia. Akanituliza kwamba Asia yule mke wa Firauni ni herufi nyingine kabisa.) La pili, alikuwepo mtu aliyeitwa Hazni, yaani ugumu, ardhi ya mawe. Mtume akamwambia, wewe ni Sahli, urahisi. Yule bwana akajibu kwamba hawezi kubadili jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake baadaye akawa anasema, ule ugumu haujatutoka katika ukoo mpaka leo.

"Kwa hiyo," akasema mwalimu akitabasamu, "kama jina linakusumbua, usianze na mtoto. Anza na baba."

Nikarudi nyumbani na hadithi ya Hazni mkononi kama mtu aliyebeba samaki mzuri. Mume wangu akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Siwezi kubadili jina alilonipa mama." Neno kwa neno! Nikajisemea, basi, nimeolewa na Hazni wa Mikindani.

Na tuseme kweli, hata angekubali, ingekuwa kazi. Yeye ana shamba la mikorosho Tandahimba, na malipo ya korosho siku hizi hupita benki. Jina la kwenye daftari la chama cha msingi lisipofanana na la benki, pesa yako inakaa huko inakutazama. Yalishamkuta msimu mmoja kwa sababu ya herufi tu, huku Bakari, kule Bakali. Hapo bado cheti cha darasa la saba, kadi ya mpiga kura, kitambulisho cha Taifa. Mtu mzima akibadili jina anabadili makaratasi ya maisha yake yote, anakula viapo, anazunguka. Anayewashauri watu "si ubadilishe tu" hajawahi kukaa kwenye benchi nje ya ofisi yenye karani mmoja.

Lakini haikuwa makaratasi tu. Alikuwa na imani yake kuhusu jina lile. Tangu tujuane alikuwa akiniambia kwamba mama yake aliteseka sana alipokuwa na mimba yake, kwamba "sijaona" ni sijaona dhiki kama hii, na kwamba kila akiitwa anakumbuka jasho la mama. Alilisema hilo kwenye mahafali, kwenye vikao vya harusi, hata kwa abiria waliokaa naye kwenye basi. Sikuwa na moyo wa kumpokonya.

Mtoto alizaliwa Agosti, wa kike. Siku ya tatu mama mkwe akapiga simu kutoka kijijini.

"Mwanangu, hujambo? Na mwali wangu hajambo?"

"Hatujambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Jina mmepata?"

"Bado mama, tunatafuta."

"Msitafute. Huyo ni mama yangu amerudi. Ni Tabu."

Niliishika simu nikakosa la kusema. Mama yake mzazi aliitwa Tabu kweli, Mungu amrehemu, nimelikuta kaburi lake. Na kurithisha jina la bibi si jambo la kukataliwa kwenye simu na mkwe. Lakini Tabu? Mmoja furaha hajaona, sasa mwingine tabu tupu? Nikamwambia kwa heshima niliyoweza kuikusanya kwamba mama, jina lina uzito, mtoto atalibeba maisha yake yote, na huko shuleni siku hizi watoto wana maneno.

Akanisikiliza. Mama mkwe hajui kusoma, na labda ndiyo maana alisikia nilichokuwa sisikii. Akasema, "Umelitaja nusu. Liite lote."

"Tabu Sijaona," nikasema.

Kimya. Nikarudia, safari hii polepole, na nikajikuta nimekaa chini kwenye kinu. *Tabu sijaona*. Daftari langu lote la maandalio, kurasa mbili za majina mema yaliyofutwa moja baada ya jingine, na haikunijia kwamba kinachofuta mema kitafuta na mabaya. Nilikuwa natafuta neno zuri la kuweka mbele ya mume wangu, na kumbe yeye ni mtu wa kuwekewa baya alimalize.

"Umesikia?" mama mkwe akauliza.

"Nimesikia, mama."

"Haya. Mnyonyeshe mtoto."

Siku ya saba akaitwa Tabu. Mwalimu wa madrasa alipoambiwa alikunja uso kwanza, nikamwomba alisome lote, akacheka mpaka akashika ndevu. Hata hivyo alinishauri nimpe na jina jingine la nyumbani la Kiislamu, nikamwita Amina, ambalo hakuna anayelitumia isipokuwa mimi nikimbembeleza.

Kuna funzo moja dogo la ofisini, nalo nalisema kwa wanaokwenda kuandikisha. Cheti cha mtoto wa chini ya miaka mitano hutolewa bure, kituo cha afya au ofisi ya kata, na hujazwa kwa mkono. Nilimtuma mume wangu. Karani akamuuliza jina kamili la mtoto, naye akajibu kwa fahari, "Tabu Sijaona," akaishia hapo. Kijana akatazama fomu. Nafasi zipo tatu: jina la kwanza, la kati, la mwisho. Akafanya haki. Mume wangu akarudi na cheti kizuri, kimegongwa muhuri, chenye jina *Tabu Sija Ona*. Baba wa mtoto amekuwa Sija, na babu, marehemu mzee Bakari, amekuwa Ona. Nilikwenda mara tatu mpaka kikaandikwa kingine, na ya tatu nilikwenda na kadi ya kliniki, kitambulisho cha baba na cheti cha Furaha ili mdogo mtu apate jina lilelile la mwisho kama la dada yake. Andika majina yote matatu kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, mkabidhi karani. Usiyatamke.

Huku nyuma Furaha alikuwa anakua na nukta yake. Alipokaribia darasa la saba akatuambia waziwazi: kwenye usajili wa mtihani anataka kuandikwa Furaha Bakari, basi. Alikuwa amefanya uchunguzi wake. Alijua, na ni kweli, kwamba jina la mtihani wa darasa la saba linamfuata mtu kidato cha nne na mbele zaidi, kwa hiyo kama ni kulitoa, ni sasa. Na alikuwa na hoja iliyonichoma: "Tabu mmemfikiria. Mimi hamkunifikiria."

Baba yake hakugomba. Alitoka akaenda kukaa ufukweni na wavuvi mpaka magharibi.

Desemba ile ya 2023 tulikwenda sote Tandahimba, korosho za mwisho mwisho zikiokotwa, harufu ya mabibo imetanda njia nzima. Jioni tulikaa na mama mkwe uani tukibangua korosho za kula nyumbani, mikono imeshaingia weusi wa mafuta yake. Furaha akamweleza bibi yake yote, hadi la "pole, utaiona". Akamalizia, "Bibi, na baba anasema ulimwita hivyo kwa sababu ya shida zako. Mimi shida za zamani kwa nini nizibebe?"

Mama mkwe aliweka jiwe chini. "Shida gani?"

Mume wangu akasema, "Si ile mimba yangu, mama. Dhiki uliyoipata."

"Mimba yako?" akasema. "Mimba yako nililima mpaka wiki ya mwisho. Nani kakwambia nilipata dhiki?"

Ndipo aliposimulia. Mwaka 1982, miaka ile ya uhaba, dukani hamna sabuni, hamna nguo, mafuta ya taa yakifika kijijini yanagombewa na kuisha siku hiyohiyo. Uchungu ulimshika usiku wa mvua, kuni zimelowa, kibatari kikavu. Mkunga, shangazi yake, alizalisha kwa kupapasa. Mtoto akatoka, akalia, akawekwa kifuani. Nje barazani mzee Bakari akasikia kilio, akauliza kwa sauti kubwa kupitia ukuta wa udongo, "Mwanamume au mwanamke?" Naye akajibu, "Sijaona!" Baada ya muda akauliza tena. "Nimekwambia sijaona!" Mpaka alfajiri kauliza mara nne au tano, na nyumba za jirani zote zinasikia.

"Si mkunga alishampapasa?" Furaha akauliza.

"Mkunga alijua tangu mwanzo. Lakini aliyeulizwa mimi."

Kulipokucha majirani walikuja kutoa hongera, na wa kwanza mlangoni akauliza, "Haya, Sijaona kaamkaje?" Likabaki hilo. Kwenye akika aliitwa Hassani, na hakuna aliyelitumia siku ya pili. Alipopelekwa kuanza shule mwalimu akamuuliza unaitwa nani, mtoto akasema anachoitwa.

Nilimtazama mume wangu. Miaka arobaini na moja amelibeba jina la mateso, amewaliza watu kwenye mahafali, kumbe ni kibatari kilichokosa mafuta. Aliinama, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, akacheka mpaka akainuka kwenda nyuma ya ghala. Shemeji yangu naye, ambaye hajawahi kusahau kitu, akanigeukia: "Nilikwambia Chausiku."

Furaha hakucheka. Alikuwa ameshika korosho moja tu anaigeuzageuza. Akamuuliza bibi yake usiku ule alijisikiaje, akiwa na mtoto ambaye hajui hata kama ni wa kike au wa kiume.

Bibi akafikiri. "Nilifurahi sana," akasema. "Nimemkumbatia, nafurahi, na sijamwona."

Mimi kiambishi kilinigusa sikio, kazi haimwachi mtu. Sikusema kitu.

Januari tuliporudi, shuleni walikuwa wanahakiki majina ya darasa la saba, wazazi tuliitwa kuweka sahihi. Nilikuta karatasi ameshaijaza mwenyewe: FURAHA SIJAONA BAKARI. Mwalimu akaniuliza kama ndivyo, maana alikuwa na taarifa ya kubadilisha. Nikamwambia muulize mwenye jina. Furaha akasema ndivyo.

Tabu ameanza darasa la kwanza Januari 2026. Siku ya kwanza alipelekwa na dada yake, kwa sababu mimi nilikuwa na darasa langu la kupokea. Mchana wamerudi, nipo uani nachambua mchele, mdogo mtu kavua begi kalitupa juu ya mkeka. Mwalimu ameita majina, yeye ameitika, mwalimu amerudia jina lake mara mbili na kumshika kichwa, na yeye hakuelewa kwa nini.

"Mama," akasema, "tabu ni nini?"

Nilikuwa bado natafuta la kumjibu. Furaha alikuwa mlangoni anavua viatu vya shule.

"Hujaiona," akasema, akaingia ndani.